Mzigo wa Mwisho Kutoka Kibenga

Kinanira, Bujumbura
Tarehe 11 Februari 2024

Mudogo wangu Gélase,

Amahoro mengi kutoka kwetu. Kama barua hii imekufikia ikiwa kavu, umshukuru Bonfils wa boti, maana ameniapia kwamba ataiweka ndani ya kofia yake tangu boti linang'oa nanga hapa mpaka Kalemie. Sisi wote wazima. Joëlla wangu yuko mwaka wa pili wa uuguzi kule Kamenge, anakusalimia na anasema mjomba wake amemsahau. Mvua haijatuachia tangu Noeli. Esansi ndiyo habari ya kulia: juzi nilipanga laini na Starlet, gari la marehemu mume wangu, kuanzia asubuhi hadi kesho yake mchana, nikapata lita kumi, nikarudi nyumbani naimba. Irène na watoto hawajambo? Wasalimie mmoja mmoja kwa jina.

Sasa neno lenyewe. Ziwa limeingia kwa Mama. Mwezi uliopita lilikuwa bado chini ya mpera. Jumapili nilipotoka misa nikapita Kibenga, nikakuta limefika kwenye ngazi ya nyuma, limetulia, linang'aa, na Mama ameketi kwenye kiti chake anaosha miguu ndani yake. Nyumba tatu za upande wa chini zimeachwa wazi. Maji yanaingia mlangoni na kutokea dirishani, na bata wa watu wanapita sebuleni hawana haraka. Sitakudanganya, ni pazuri kutazama, na hilo ndilo linaniudhi zaidi.

Kamioni haziingii tena. Moja ilijaribu ikazama mpaka kwenye ekseli, wakamaliza siku mbili kuitoa. Gari dogo likienda polepole, ile njia inalivumilia. Ndiyo nikawaza remorke, tela ndogo ya magurudumu mawili nyuma ya Starlet, na safari kwa safari nyumba nzima ipande Kinanira. Ninacho chumba cha Mama. We ni fundi wa kuchomelea, unatengenezea wauza samaki wa huko remorke za pikipiki, uliniandikia mwenyewe. Niambie itengenezwe vipi na mi niiendeshe vipi, maana maisha yangu yote sijawahi kuvuta kitu zaidi ya mbuzi.

Jambo la pili ndilo la kwanza. Mama amekataa kuhama. Mi nimeongea, padri ameongea, Joëlla amelia mpaka kamasi. Naandika alivyosema: "Mi sitoke hapa. Gélase aongee na mi kwanza. Akisema neno yake, natoka siku ile ile." Basi, mpigie. Dakika moja inatosha. Kila nikipiga namba yako anashika Irène: mara uko ziwani, mara umelala, mara betri. Gélase, tangu Noeli ya 2021 hatujasikia sauti yako. Sisi, Mama na mi dada yako mkubwa, tumekukosea nini?

Yaya wako,
Daphrose


Kalemie
Tarehe 3 Machi 2024

Yaya Daphrose,

Barua imefika kavu, ila inanuka kichwa cha Bonfils. Aksanti kwa salamu. Huku hatujambo. Irène anauza unga wa mihogo bandarini, ndiye anapokea barua zako pale. Destin, mtoto wetu wa mwisho, amepoteza meno mawili ya mbele na sasa anachekea kila mpita njia ili waone pengo. Ziwa limepanda huku pia, limekula barabara ya chini yote. Uliposema umevuta mbuzi tu nilicheka mpaka Irène akaacha unga wake akaja kuangalia nina nini.

Haya, remorke. Usiende kwa fundi yeyote tu. Nenda Kamenge, umwone Amissi, tulijifunza kazi pamoja. Mwambie nimesema hivi. Boksi lisizidi upana wa Starlet, ili uone nyuma vizuri kwenye vioo vyote viwili. Ekseli atoe kwenye gari dogo lililokufa, na magurudumu yawe saizi moja na ya gari lako, ukitoboka utumie tairi lako la akiba. Mkono wa mbele, ule unaoshikana na gari, uwe mrefu. Mafundi wavivu wanaufupisha kuokoa chuma, na remorke ya mkono mfupi ina kiherehere, ukigeuza kidogo yenyewe inageuka sana. Kishikio asikichomelee kwenye bampa! Bampa ni bati la urembo. Kifungwe kwenye chasisi kwa bolti nne. Minyororo miwili ipishane chini ya mkono, ili kishikio kikikatika, mkono ulale juu ya minyororo, usichimbe lami. Na taa za nyuma, Yaya, ziwake, usiende kubishana na polisi.

Kuendesha ni subira. Sahau gia ya nne. Kwenye mteremko weka gia ya pili kabla hujaanza kushuka, maana muzigo unakusukuma mgongoni na breki peke yake hazitakusaidia. Kona zikate kwa upana. Kuhusu kupakia sitakufundisha, umekulia kwenye mizigo ya Papa kama mi.

Simu yangu ilianguka majini. Mwambie Mama atoke. Mwambie ni mi nimesema, hii hapa karatasi.

Mudogo wako,
Gélase


Kinanira
Tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka

Gélase,

Pasaka njema kwako na kwa wote wa nyumbani. Tumekula kuku, Joëlla alipika, chumvi ilizidi, tukamsifu hivyo hivyo. Mguu wa Mama ule wa kushoto unavimba jioni, lakini bado ana mdomo wa kumtosha mtu mzima.

Remorke ipo! Amissi ameitengeneza wiki mbili, ameipaka rangi ya bluu iliyobaki kwenye kazi ya mtu mwingine. Alisoma barua yako mara mbili, akasema, "Huyu ndiye Gélase, bado anatukana mafundi." Akasema zamani ulikuwa unaimba ukichomelea, mpaka wateja wanasahau kudai vitu vyao. Nikamjibu kwamba siku hizi hata kusema hutaki.

Safari ya kwanza ilikuwa Jumanne ya wiki takatifu. Tulipakia viti, masufuria, cherehani ya Mama, na kabati la Papa la mbao za libuyu, lile la milango miwili. Nguo za Mama tuliziacha zikining'inia ndani. Nikapanga kama tulivyolelewa, vizito nyuma kabisa, vyepesi mbele. Mama mwenyewe alisimamia kutoka kwenye kiti chake, anaelekeza kwa fimbo: "Nyuma! Muzito nyuma!" Mkono wa mbele ukawa mwepesi hata nikauinua kwa vidole viwili kuufunga kwenye gari. Nikafurahi. Nikasema kumbe kazi yenyewe ni rahisi hivi.

Ayi, Gélase! Kwenye tope ilinifuata kwa adabu. Nilipofika kwenye lami na kukanyaga mafuta kidogo, ikaanza kutingisha kiuno. Kushoto, kulia, kushoto, na kila mara inazidi. Matako ya Starlet yakanyanyuka, usukani ukawa mwepesi mkononi mwangu mpaka nikahisi gari limeacha kunisikia. Watu barabarani wanapiga kelele, "Mama, mukia! Mukia!" Niliachia mafuta nikamwita Yezu na Maria. Ikatulia. Nikapanda mlima wa Kinanira pole pole, na katikati ya mlima kamba ya nyuma ikakatika. Kabati likateleza, likashuka kwa miguu yake yote minne, likasimama barabarani.

Nilishuka nikaliangalia. Lilisimama wima katikati ya njia, milango wazi, magauni ya Mama yanapepea ndani. Hakuna kilichovunjika. Magari yakalizunguka taratibu, hakuna aliyepiga honi. Mzee mmoja wa baiskeli alivua kofia alipopita. Polisi alikuja, akafikiri kidogo, akaanza kuongoza magari. Sijui nikueleze vipi, mudogo wangu, jua lilikuwa limetoka baada ya mvua na mi nilisahau kabisa kuogopa. Nilisimama nanusa harufu ya nguo za Mama mpaka wanaume wanne walipokuja kunisaidia kulipandisha.

Sasa sikiliza. Alhamisi Kuu nilimpigia Irène. Nyuma yake nikasikia sauti yako. Ulikuwa unaita mtu akuletee spana, unapiga kelele kana kwamba yuko ng'ambo ya ziwa. Nikamwambia Irène, mpe simu. Akakata. Kwa hiyo hujafa, hauko safarini, na sauti unayo nzima. Inakutosha kuitia spana, haikutoshi kumwambia mama yako neno moja.

Karatasi yako nimemsomea Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hiyo sio neno ninangojea." Kesho yake maji yaliingia jikoni.

Nimekasirika, sikufichi.
Daphrose


Kalemie
Tarehe 28 Aprili 2024

Yaya,

Nisamehe kuchelewa. Boti lilikaa hapa siku kumi na mbili kwa sababu ya upepo, halafu barua nyingine nilizoandika nilizichana. Mpe Mama pole ya mguu, aweke juu ya mto anapokaa. Huku Destin ameota jino moja, limekaa upande.

Nilisoma habari ya kabati nikacheka, halafu nikatoka jasho. Yaya, ungekufa! Na kosa ni langu kama lilivyo lako, kwa sababu niliandika kwamba sitakufundisha. Umepakia boti! Papa alitufundisha uzito nyuma ili pua ya boti iinuke na kupanda juu ya wimbi. Ndivyo tulivyo sisi wa ziwani, hata begi la shule tulikuwa tunapanga hivyo. Lakini barabarani hakuna wimbi la kupanda. Remorke ukiilemeza nyuma, inanyanyua mkono, mkono unanyanyua gari, magurudumu yako ya nyuma yanakosa nguvu, na muzigo ndio unaanza kukuendesha we. Mzito uweke juu ya ekseli, na kidogo mbele yake. Ukienda kufunga mkono kwenye gari, uugumie kidogo kwa uzito wake. Ukiuinua kwa vidole viwili, usiondoke, panga upya. Na siku ikitingisha tena, fanya ulivyofanya: achia mafuta, shika usukani umenyooka, usikanyage breki kwa nguvu. Yezu na Maria waendelee kuwepo.

Kurudi nyuma ni hivi. Shika usukani kwa chini, sio juu. Mkono wako ukienda kushoto, matako ya remorke yanaenda kushoto. Jifunze kwenye uwanja wa kanisa siku hakuna misa.

Mi asubuhi naenda kuangalia ziwa kabla ya kazi. Mawimbi yanakuja, yanajikunja, yanavunjika juu ya mawe, na kila kitu kimetulia tu. Jana mvua ilinyesha juu ya bati la atelie yangu ya kuchomelea. Nilikaa chini ya bati hilo hilo nikaona matone yanavyoruka mbele ya mlango, mengi, meupe, na mi niko mahali pakimya sana. Kuna wakati nadhani nimelala na naota. Natazama midomo ya wateja wangu inavyokwenda, nawaza wamesahau kuweka sauti. Sijui kwa nini nakuandikia haya.

Usiniulize tena habari ya simu, Yaya. Nakuomba. Niulize chochote cha remorke.

Gélase


Kinanira
Tarehe 19 Mei 2024, Pentekoste

Mudogo wangu,

Nakusalimia, na Joëlla anakusalimia, amefaulu mitihani yake yote isipokuwa mmoja. Amissi pia. Sasa anakuja kila Jumamosi kunisaidia kupakia. Anasema anakuja kuangalia hali ya ekseli, lakini ekseli ya kuangaliwa kila wiki mi sijaiona.

Ulichosema nimekifuata. Uzito mbele kidogo, naugumia mkono, naondoka. Imekuwa mnyenyekevu, Gélase, mpaka wakati mwingine naisahau, nageuka kuangalia kama bado ipo. Kurudi nyuma kulinitoa machozi. Nilipinda geti la kanisa kidogo, padri amesamehe. Sasa nairudisha mpaka mlangoni kwa Mama bila kugusa ukuta.

Nitakuambia kitu, na usinicheke. Nimezipenda hizi safari. Njia yote ya Kibenga sasa ni maji ya kifundo cha mguu, yametulia, na anga lote limo ndani yake. Naingia na gia ya kwanza, mawingu yanafunguka mbele ya gari na kujifunga nyuma ya remorke. Hakuna kamioni, hakuna honi. Unapita mbele ya nyumba za watu tuliosoma nao, mapazia yao bado yananing'inia, yamelowa chini na kukauka juu. Samaki wadogo wanaingia katikati ya miguu ya meza. Siku moja nilizima gari nikakaa tu. Remorke nyuma yangu imebeba mlango wa chumba chetu cha utoto, umelala chali, unaelekea juu. Nililia kidogo, halafu nikawasha, maana esansi hairudi.

Nyumba sasa ni tupu. Nimehamisha kila kitu isipokuwa kitanda cha Mama, kiti chake, na Mama. Kitanda tumekiinua kwa matofali. Anakaa juu yake mchana kutwa, maji yanapita chini, na anayatazama kwa upole kama mtu aliyetembelewa. Mchana nampelekea chakula, na jirani mmoja aliyebaki analala naye. Anakula, anauliza kama boti limefika.

Lakini sikiliza. Nyuma ya kitanda ukuta umepasuka. Matofali ya nyumba ile ni mabichi, Papa alichoma yale ya mbele tu. Amissi aliugonga kwa kidole, ukatoka kama ugali. Alinivuta nje akaniambia, "Wiki tatu. Nne kama jua litawaka." Gélase, nyumba itamwangukia Mama! Nimetaka kumbeba kwa nguvu. Nilimshika mkono, akaniangalia, akasema, "Daphrose, ukinibeba nitarudi na miguu." Na unamjua, atarudi.

Nilimuuliza kwa nini lazima iwe we. Akageuza uso. Anajua kitu ambacho hataki kuniambia, na we unajua kitu ambacho hutaki kuniambia, na mi niko katikati navuta viti. Je, uko gerezani? Unaumwa? Umefanya jambo la aibu? Lolote lile, mi ni yaya wako, nilikubeba mgongoni. Ila ukuta ukianguka na hukusema, sitajua namna ya kukusamehe.

Nijibu na boti hili hili. Bonfils atakungoja.

Daphrose


Kalemie
Tarehe 2 Juni 2024

Yaya Daphrose,

Leo sina salamu ndefu. Watoto wazima.

Sisikii.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2021 tangi la hewa la kompresa lilipasuka pale atelie. Nilikuwa nimesimama karibu kama we na meza yako. Sikuumia mwili, alama moja tu kwenye shavu. Nilisimama nikajipangusa vumbi, nikaona watu wananikimbilia na midomo wazi, nikawaza mbona wananyamaza. Daktari wa hapa aliangalia, wa Lubumbashi akaangalia. Wote wakaniandikia kwenye karatasi kwamba haitarudi.

Noeli ile nilimpigia Mama. Nilitaka asijue. Irène alishika simu sikioni mwangu na kuniminya bega kila Mama alipomaliza kusema, na mi najibu kwa kubahatisha. Nilifikiri nimeweza. Baada ya hapo sikuthubutu tena. Bonfils anajua, nilimwapisha kwa jina la mama yake, usimlaumu.

Utauliza kwa nini nilificha. Yaya, mtu akishajua kwamba husikii, anaacha kuongea nawe. Anamgeukia mkeo, anaongea naye, na we umesimama pale pale umeshika kofia. Wanangu wenyewe walianza hivyo kabla sijawakalisha chini. Kazi nafanya, chuma hakihitaji masikio. Lakini sikutaka Mama awe mmoja wao. Nilitaka kuwe na mtu mmoja duniani ambaye bado ananisemesha, hata kama ni kwa kumwambia Irène aniitie. Na kuja Bujumbura niliogopa. Mji umebadilika, niulize njia kwa nani?

Ndotoni nasikia. Nasikia Papa anavyoita majina ya bandari botini, nasikia we unavyonigombeza, na bati la Kibenga mvua ikianza. Naamka nikiwa nimefurahi, inachukua muda kukumbuka.

Msomee Mama barua hii yote. Msomee polepole. Halafu mwambie: Mama, ni mi Gélase, ninaongea nawe. Sisikii tena. Nakuomba utoke kwenye hiyo nyumba.

Mudogo wako


Kinanira
Tarehe 16 Juni 2024

Gélase, mudogo wangu mpendwa,

Barua yako niliisoma kwanza peke yangu ndani ya gari, pale bandarini, na dirisha nimepandisha. Sitaandika nilivyolia. Nakuomba msamaha kwa spana, na kwa ukali wote niliokuandikia. Kumbe ulikuwa unaniambia kila kitu na habari yako ya mvua, mi nikasoma nikadhani mudogo wangu amekuwa mshairi.

Nilikwenda moja kwa moja Kibenga na remorke nyuma. Nilipanda juu ya kitanda nikakaa karibu na Mama, miguu yetu juu ya maji, nikamsomea polepole kama ulivyosema. Nilipofika kwenye neno lile, alifumba macho. Akaniambia soma tena hapo. Nikasoma tena. Akasema, "Haya. Ameongea." Akatafuta kandambili zake.

Ndani ya Starlet alikataa kupanda. Alisema anataka kuondoka akiitazama nyumba, sio kuipa mgongo. Nikapiga kelele, Amissi akapiga kelele, hakuna aliyeshinda. Basi tukaweka kiti chake ndani ya remorke, juu ya ekseli na kidogo mbele, tukakifunga kwa kamba pande nne, Amissi akakaa sakafuni ameshika miguu ya kiti. Mama akaketi akitazama nyuma, amevaa kitenge chake cha kanisani. Nilikwenda na gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Kwenye kioo niliona mgongo wake na kilemba chake, na mbele yake nyumba inakuwa ndogo, inasimama juu ya kivuli chake. Hakulia. Aliipungia mkono mara moja tu, wakati mpera ulipopita. Kwenye lami tulimshusha tukamweka ndani ya gari, hapo hakubisha tena. Siku sita baadaye ukuta wa nyuma ulianguka, ukachukua chumba chote. Nimemwambia, akamshukuru Mungu, aksanti Imana, akaomba chai.

Sasa ananiketisha hapa niandike maneno yake. Amesema nisirekebishe hata moja.

"Gélase mutoto wangu. Mi nilijua. Noeli ile nilikuuliza umekula nini, ukanijibu watoto wanasoma. Nikakuuliza unaumwa, ukasema amina Mama, aksanti. Nikaweka simu chini, nikalia, nikajipangusa, nikasema atanieleza yeye mwenyewe siku ataweza. Sikumwambia Daphrose, sababu haikuwa maneno yangu ya kusema.

"Ndiyo sababu nilikataa kutoka. Ile nyumba unaijua. Siku ungeshuka kwenye boti, ungekuja na miguu yako mpaka mulangoni bila kuuliza mutu. Kama ningehama na we hujasema, ungeuliza njia kwa nani? Na akikujibu, ungesikia nini? Ungezunguka Bujumbura nzima, watu wanakucheka. Nikasema apana, mi nakaa ndani ya maji yangu, anikute.

"Sasa umesema, nitakuandikia njia. Ukishuka bandarini Bonfils akupandishe basi ya Kinanira, usimulipe, Daphrose atamulipa. Shuka pale basi inageuka. Panda na barabara ya mawe, ukiacha kanisa mukono wa kushoto. Hesabu njia tatu ndogo, ingia ya tatu. Kuna ukuta mweupe na maua ya zambarau yanaanguka nje. Geti ya kijani. Usiulize mutu hata mumoja, yote iko hapa.

"Na tena. Ukifika kwa mulango, usipige hodi ukasimama unangoja nikujibu. Karibu nimeishaisema. Sukuma, uingie."

Mama yako,
kwa mkono wa Daphrose